Jinsi ya Kushuti Sini ya Mtoto Mwenye Kipaji cha Zeze: Mwongozo Kamili kwa Watengeneza Filamu wa Dodoma

Vijana wanaotengeneza filamu hapa Dodoma huniletea kazi zao nizitazame kabla hazijatoka, na hadithi inayorudi kuliko zote ni hii: mtoto wa kijijini ana kipaji cha muziki, mzazi hataki kusikia habari hiyo, mwisho mzazi analainika. Ni hadithi nzuri, na Ugogoni haihitaji kubuniwa sana, maana mtoto anayechukua zeze la babu yake akalipiga bila kufundishwa yupo kweli. Shida ni kwamba karibu filamu zote zinaanguka kwenye sini ileile, ile ambayo mtoto anapiga. Mkono wa upinde unakwenda huku, sauti inakwenda kule. Kinanda cha kompyuta kinalia kuliko zeze lenyewe. Mama analia, shangazi analia, jirani analia, mtazamaji ana macho makavu.

Mwongozo huu ni wa sini hiyo moja. Nimeuandika kwa kikundi cha watu wanne au watano wenye kamera moja au simu nzuri, wanaoshuti Chamwino, Mvumi, Bahi, Kongwa au mjini kwenyewe.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Mazeze mawili yanayofanana kwa sura. Uzi ukikatika katikati ya kazi, kuutengeneza huchukua muda, na mtoto akisubiri anapoa.
- Nyuzi za akiba na ulimbo wa kupaka upinde. Upinde usiopakwa ulimbo huteleza bila kutoa sauti.
- Kinasa sauti kidogo chenye kurekodi faili za WAV, au simu ya pili yenye programu ya kurekodi WAV. Weka 48 kHz, biti 24. Usitumie MP3, inakula milio midogo ya juu ya zeze, na ndiyo inayolifanya lisikike kama zeze.
- Maiki moja ya maana, na kifuniko chake cha manyoya cha kuzuia upepo.
- Hedifoni za kufunika masikio. Asiyevaa hedifoni wakati wa kurekodi anabahatisha.
- Kamera au simu, na stendi imara. Filamu hii haitaki kamera inayotembea ovyo.
- Kibao cha klapa, cha kulinganisha sauti na picha. Kama hakipo, makofi mawili mbele ya kamera yanatosha.
- Spika ndogo ya betri, ya kumchezea mtoto sauti iliyokwisha kurekodiwa.
- Mablanketi mazito manne au matano, na godoro moja.
- Betri, pawabenki, na kadi mbili za kumbukumbu. Vijijini umeme ukikatika hausemi utarudi lini.
- Mzee anayejua zeze, akae nawe siku zote za kazi. Mlipe. Huyu si mgeni wa heshima wa kuja kupiga picha na ninyi. Ni fundi wenu.

## Hatua ya 1: Tafuta mtoto anayepiga, halafu umfundishe kuigiza

Wengi hufanya kinyume. Wanamchukua mtoto mzuri wa sura aliyezoea kuigiza kanisani au shuleni, wanampa zeze, wanasema "jifanye unapiga." Mtazamaji wa Dodoma amekua akiona zeze kwenye harusi na sherehe za mavuno. Anajua upinde unavyogeuka na vidole vinavyobonyeza. Baada ya sekunde tano ameshajua kuwa ni uongo, na kuanzia hapo haamini hata machozi.

Mtoto anayepiga kweli anaweza kufundishwa kukaa kimya, kutembea na kusema sentensi mbili tatu kwa wiki chache. Hakuna mtoto anayejifunza zeze kwa wiki chache.

Nenda kwa vikundi vya ngoma vijijini. Wilaya ya Chamwino ina vikundi vingi vyenye watoto. Usitangaze usaili, kwa sababu ukitangaza watakuja watoto mia na wazazi wenye matumaini ambayo utayavunja. Kaa kwenye mazoezi yao, wauzoee ukimya wako, utazame mtoto yupi anaendelea kupiga baada ya wenzake kwenda kucheza.

Kama kwenye hadithi yako mtoto ni msichana, usimpe zeze kwa sababu tu linapendeza kwenye picha. Fikiria muheme. Ni ngoma ya wanawake kwa Wagogo, na bibi anayemfundisha mjukuu wake muheme ni filamu nyingine kamili. Ukiamua kwamba msichana wako anapiga zeze, basi hadithi iseme waziwazi kwamba hilo si la kawaida, na wazee waliomo kwenye filamu walizungumzie. Wasipolizungumzia wao, wazee waliokaa kwenye viti watalizungumzia kwa sauti.

Umefaulu ukiwa na mtoto anayeweza kupiga wimbo mmoja mara tatu mfululizo, kila mara kwa mwendo uleule, bila kuangalia watu.

## Hatua ya 2: Ruhusa, kabla ya kamera kutoka kwenye begi

Hapa nitakwenda haraka, lakini usiruke hata moja.

Filamu inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya 1976. Utapeleka skripti, na filamu ikikamilika itarudi Bodi kukaguliwa na kupangiwa daraja la umri. Afisa Utamaduni wa halmashauri atakuelekeza. Kijijini, anza na mtendaji na mwenyekiti, ukiwa na barua ya utambulisho.

Kuhusu mtoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Inataja miaka 14 kuwa umri wa chini wa kazi nyepesi, inakataza kumfanyisha mtoto kazi kwa zaidi ya saa sita kwa siku, na inakataza kazi za usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ndiyo maana napendekeza mtoto wa miaka 14 mwenye umbo dogo, acheze kama wa 11. Vyovyote iwavyo, mwone Afisa Ustawi wa Jamii kabla hujapanga ratiba, na mzazi atie sahihi makubaliano aliyosomewa kwa lugha anayoielewa, Cigogo ikibidi.

Shuti wakati wa likizo ya katikati ya mwaka. Mtoto hakosi shule, mvua zimekwisha, mtama na uwele vimeshavunwa, na uwanja wa kupuria ni lokesheni ambayo huwezi kuijenga kwa fedha.

Wimbo nao una wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda pia sanaa za jadi, na ukizitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili unahitaji idhini. Mamlaka inayohusika ni Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Kama wimbo ulitungwa na mzee aliye hai, mwombe yeye mwenyewe na muandikiane.

Onyo la droni: usirushe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Chamwino kuna Ikulu. Huko usijaribu hata kwa sekunde moja, na hadithi ya mtoto na zeze haihitaji kuonekana kutoka angani.

## Hatua ya 3: Andika sini kutoka upande wa anayesikiliza

Hii ndiyo hatua inayoamua yote, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu.

Katika filamu ya mtoto mwenye kipaji, mtoto habadiliki anapopiga. Yeye yuko pale alipokuwa, anapiga. Anayebadilika ni anayemsikia. Kwa hiyo sini ni ya msikilizaji, na kazi yako kwenye skripti ni kujua huyo msikilizaji anaficha nini.

Sini ninayoletewa mara nyingi huandikwa hivi:

MAMA (analia): Mwanangu, kumbe una kipaji kikubwa namna hii! Marehemu babu yako angekuwa hai angejivunia sana!

Mama amesema kila kitu. Mtazamaji hana alichobakiziwa.

Sasa tuiandike upya. Tangu mwanzo wa filamu mama amekataza zeze nyumbani kwake. Baba yake alikuwa mpigaji, alizunguka nalo vilabuni mpaka akafa hana kitu. Jioni moja mama yuko jikoni anasonga ugali wa uwele, ameupa mlango mgongo. Nyuma ya nyumba mtoto anaanza kupiga, taratibu, kwa wizi. Mwiko unaendelea kuzunguka. Kisha mwiko unasimama. Tunasubiri agombe. Bila kugeuka, anasema:

MAMA: Uzi wa pili umelegea.

Zeze linanyamaza. Tunasikia kigingi kikikazwa, uzi ukijaribiwa, mara moja, mara mbili. Linaanza upya. Mwiko nao unaanza upya.

Kwa maneno manne tumejua kwamba mama alikua akilisikiliza zeze hilo, analijua kuliko mwanawe, na ameshindwa kulichukia. Hajalia. Atakayelia ni yule aliyekaa kwenye kiti, kwa sababu ameachiwa nafasi.

Tafuta sentensi ya namna hiyo kwa filamu yako. Iwe ya kazi, fupi, kuhusu ala au wimbo, na isemwe na mtu ambaye hatukutarajia kwamba anajua. Mzee wako wa zeze atakusaidia: muulize watu wanaojua hukosoa nini wanaposikia mtoto akipiga. Atakupa kumi papo hapo.

Umefaulu kama mtu anaweza kusoma sini hiyo bila kukuta neno "kipaji" wala neno "analia."

## Hatua ya 4: Chagua mahali kwa masikio

Dodoma ina adui mmoja wa sauti, naye ni upepo. Kiangazi huanza kuvuma kadiri jua linavyopanda, na mchana huwezi kurekodi zeze nje hata ukiwa na manyoya juu ya maiki. Asubuhi na mapema kumetulia, lakini asubuhi kuna majogoo, mbuzi na ng'ombe wanaosubiri kufunguliwa. Subiri mifugo itoke kwenda malishoni, kisha una muda mfupi wa utulivu kabla upepo haujashika. Muda huo ndio wa kushuti picha za nje. Sauti kuu ya wimbo irekodi ndani.

Ndani ya nini? Siyo darasani. Sakafu ya saruji na kuta tupu zinarudisha sauti mpaka zeze linasikika kama liko kisimani. Nyumba ya bati nayo ina tabia yake: jua likipanda bati linatanuka na kualika, tak, tak, na huwezi kuutoa mlio huo baadaye. Mahali bora kuliko pote ni ndani ya tembe. Kuta za udongo na dari la udongo humeza mwangwi, na upepo hausikiki. Matembe yanapungua kila mwaka, lakini vijiji vingi bado vina moja au mawili. Omba kwa adabu, fagia, weka mkeka.

Usipopata tembe, tumia chumba cha kulala chenye vitanda na nguo, tundika mablanketi kwenye kuta mbili zinazopakana, na simamisha godoro mlangoni.

Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia kofi tu, ni pazuri. Ukisikia kofi na mkia wake, ongeza mablanketi.

Zima simu zote za watu waliomo. Kuweka kimya hakutoshi, kwa sababu simu inayotafuta mtandao huacha mikwaruzo kwenye maiki.

## Hatua ya 5: Rekodi wimbo mzima kabla ya kushuti chochote

Rekodi hii tuiite sauti mama. Picha zote zitafuata sauti hii.

1. Mtoto akae anavyokaa siku zote, kwenye kigoda au chini. Ukimbadilishia mkao, mkono wa upinde unabadilika na sauti pia.

2. Weka maiki kati ya sentimita 30 na 50 kutoka kwenye kibuyu cha zeze, usawa wa kifua, ielekee kati ya kibuyu na kinywa. Wapigaji wengi huimba wakipiga, na maiki moja iliyokaa vizuri inashika vyote viwili kwa uwiano wa asili. Usiielekeze upinde moja kwa moja. Utapata mkwaruzo mkali bila mwili wa sauti.

3. Panga kiwango ili sehemu yenye nguvu kuliko zote ifike karibu na -12 kwenye mita. Ikigusa sifuri, sauti imepasuka na haitengenezeki.

4. Mzee aipange milio ya nyuzi dakika ile ile ya kurekodi. Joto linalegeza nyuzi, na zeze lililopangwa jua halijapanda halitakuwa sawa saa nne. Halafu, kabla ya wimbo, rekodi kila uzi peke yake bila kubonyeza kidole. Sekunde tano kila mmoja. Siku ya pili ya kazi mtarudi kupanga zeze kwa kusikiliza milio hiyo.

5. Piga klapa, nyamaza kwa pumzi mbili, mtoto aanze. Akimaliza, mtu asikohoe wala kupongeza mpaka mlio wa mwisho ufe kabisa.

6. Chukua teki tatu au nne, basi. Kipaji cha mtoto kina njaa na usingizi kama mtoto mwenyewe. Teki nzuri mara nyingi ni ya pili. Ya kwanza ana hofu, ya nne amechoka.

7. Mwisho, watu wakiwa bado wamekaa, rekodi dakika moja ya ukimya wa chumba. Utauhitaji kuziba mapengo wakati wa kuhariri.

Ukiamua kutumia ilimba, ala ya kisanduku chenye ndimi za chuma, badala ya zeze, kumbuka kwamba mvumo unaofuata kila ulimi wa chuma ni sehemu ya ala. Fundi hufunika tundu la kisanduku kwa utando wa buibui makusudi ili kiwe na mvumo huo. Nimesikia filamu ambayo mhariri aliusafisha akidhani ni kelele. Alitoa roho ya ala akabakiza milio ya kengele. Kabla ya kurekodi, msikilizeni marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuifikisha ilimba na zeze kwenye majukwaa ya dunia. Sikilizeni kwa hedifoni, mtausikia mvumo huo nyuma ya kila kitu.

Umefaulu ukifumba macho, ukasikiliza teki uliyoichagua, na ukajua mtoto amekaa umbali gani kutoka kwako.

## Hatua ya 6: Shuti mtoto akipiga kweli

Weka kamera picha 25 kwa sekunde na shata 1/50. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ukiweka 30 na 1/60 taa nyingi za ndani zitaonekana zikipepesa. Kwa simu, tumia programu inayofunga kasi ya picha. Blackmagic Camera ni ya bure na ipo kwa iPhone na kwa baadhi ya simu za Android. Programu ya kawaida ya simu hupandisha na kushusha kasi yenyewe, ndiyo sababu sauti yako huanza sawa na picha kisha ikaachana nayo wimbo ukifika katikati. Wengi humlaumu mtoto, kumbe simu ndiyo iliyoyumba.

Shoti ya kwanza ni pana: mtoto mzima, kichwa mpaka miguu, mikono yote miwili ikionekana, wimbo wote bila kukata. Apige kweli, na urekodi sauti tena. Shoti hii ndiyo kiapo chako kwa mtazamaji. Ukishamwonyesha uso na mikono ya mtoto kwenye fremu moja, atakuamini utakapokata baadaye.

Shoti ya pili ni ya karibu, mkono wa kushoto. Hapa kaa. Vidole vidogo vinavyobonyeza, weupe wa kucha vinapokaza, unga wa ulimbo ulioanguka juu ya ngozi ya kibuyu. Nayo aipige kweli.

Kwa shoti za pembeni na za mbali unaweza kumchezea sauti mama kwenye spika ndogo iliyofichwa karibu naye, apige akiifuata. Sauti iwe ndogo, ya kumwongoza tu. Ongeza makofi manne ya mwendo kabla ya wimbo kuanza ili ajue anaingia wapi.

Kwa mwanga, saa kumi na moja jioni na kuendelea kunapendeza sana Dodoma: jua limelala, vumbi linang'aa, mibuyu inarefusha vivuli. Lakini una kama saa moja na nusu tu kabla jua halijazama, kwa hiyo fanya mazoezi mchana na ufike lokesheni zeze limeshapangwa.

Onyo, na hili nalisema kwa uchungu. Kuna madairekta wanaomliza mtoto kwa kumdanganya kuwa mama yake amepata ajali, au kwa kumtukana, ili wapate chozi. Huo ni ukatili. Ukiuona kwenye seti, simamisha kazi. Na kisanaa pia hauna maana, kwa sababu tumeshakubaliana kwamba mtoto hahitaji kulia.

## Hatua ya 7: Shuti uso wa msikilizaji

Ipe shoti hii nusu siku nzima, peke yake.

Usitumie spika. Mtoto akae nje ya fremu, nyuma ya ukuta ule ule, apige zeze lenyewe. Uso unaosikia ala hai hubadilika kwa namna ambayo mwigizaji hawezi kuipanga. Sauti ya spika tumeshaizoea wote, kila bodaboda inayo.

Kamera ikae mbali, na ukuze kwa lenzi. Mwigizaji akiona kamera imemkaribia pua, anaanza kuigiza. Mwanga utoke mlangoni upande mmoja tu, upande wa pili uachwe na giza.

Mpe kazi ya mikono: kupepeta uwele, kuchambua mlenda, kushona. Mwambie afanye kazi hiyo kweli, kwa lengo la kuimaliza. Maelekezo yako yote yawe sentensi moja: "Mama, usitake mtoto ajue kwamba unamsikia." Usimwambie ahuzunike. Mwigizaji anayezuia hisia ana jambo la kufanya. Anayeambiwa ahuzunike hana ila kukunja uso.

Anza kurekodi kabla zeze halijaanza, na usizime likiisha. Acha kamera iendelee nusu dakika nyingine. Mara nyingi unachokitafuta kinatokea hapo, mikono inapojaribu kurudi kwenye kazi.

Vitunguu na dawa za macho ziacheni nyumbani.

Umefaulu kama ungo au mwiko unasimama mahali fulani bila wewe kumwambia lini.

## Hatua ya 8: Hariri kwa kupunguza

DaVinci Resolve toleo la bure linatosha. Kama ulishuti kwa programu ya kawaida ya simu, badilisha kwanza faili zote ziwe na kasi isiyobadilika, ndipo uzipange.

Panga sauti mama kwanza, peke yake, bila picha. Iwe nzima. Kisha linganisha shoti pana na sauti iliyorekodiwa nayo, klapa kwa klapa, ndipo uipange juu ya sauti mama, mlio kwa mlio. Baada ya hapo ingiza mkono, halafu msikilizaji. Kaa kwa msikilizaji muda mrefu kuliko unavyodhani inafaa.

Sasa kuhusu kinanda. Usiweke kinanda chini ya zeze. Sababu ni ya kimuziki kabisa: milio ya Kigogo inafuata ngazi ya asili ya mlio wa uzi, na baadhi yake inaangukia katikati ya vitufe vya kinanda, kwa hiyo havitakaa pamoja hata ukishusha na kupandisha. Mtazamaji hatajua jina la tatizo, ila atasikia kwamba mtoto "anakosea," na utakuwa umemharibia kijana wa watu kazi yake. Ukitaka muziki mahali pengine kwenye filamu, mrekodi yule mzee.

Kabla ya zeze kuanza, acha sekunde tano hadi nane za sauti za nyumbani tu: moto, mwiko, kuku. Baada ya mlio wa mwisho, acha tena. Usikimbilie kupachika makofi ya wanakijiji.

## Hatua ya 9: Jaribu, halafu lipa

Majaribio ni mawili.

La kwanza, mwonyeshe sini yako, bila sauti, mpiga zeze ambaye hakushiriki kwenye filamu. Muulize mtoto anapiga wimbo gani. Akiutaja kwa kuangalia mikono tu, picha yako ni ya kweli. Akisita, tafuta shoti iliyomchanganya na uitoe, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote.

La pili, mchezee mtu mwingine sauti bila picha, umuulize nani yuko kwenye chumba na nini kinatokea. Akisema kuna mtu anapika na amesimama kusikiliza, umemaliza.

Kisha, kwa ruhusa ya Bodi ya Filamu, onyesha filamu kijijini kwanza, kabla ya mjini na kabla ya mtandaoni. Nenda na projekta na shuka jeupe, mwenyekiti atatangaza. Wakisema jambo la mila limekosewa, lirekebishe kabla ya kupeleka nakala ya mwisho Bodi ya Filamu.

Malipo ya mtoto yatolewe yote siku kazi yake inapokwisha, mbele ya mzazi, kwa maandishi, na sehemu iingie kwenye akaunti yake mwenyewe kama anayo. Usimwambie asubiri filamu iuze. Jina lake liandikwe mara mbili mwishoni, kama mwigizaji na kama mpigaji, likifuatiwa na la mzee aliyewafundisha na la mwenye wimbo. Familia ipewe nakala ya filamu na nakala ya sauti mama kwenye flashi, na zeze la akiba abaki nalo mtoto.